Kile Hakina Kibali

Msusi alifungua bomba la jikoni, akayaacha maji yatiririke huku macho yake yako kwenye saa, kisha akalifunga. Akaenda chooni, akavuta maji, akasimama kusikiliza tangi linavyojaa. Mume wake, mwalimu wa udereva, alikuwa akigonga kuta kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, na kama wachaguzi wengi wa matikiti, hakujua anasikilizia nini. Muuzaji alisimama katikati ya sebule na funguo mkononi. Kila kabati lilipofunguliwa, alikohoa.

Nyumba ilikuwa nzuri, na hilo lilimuudhi Msusi. Alikuja na maneno yake ya kuikataa, ameyapanga tangu alipoamka, na sasa hakuwa na pa kuyaweka. Sebule ilikuwa pana. Tayari aliviona viti vya wateja wake vimepangwa, mashine za kukausha nywele ziko dirishani, na kioo kirefu kimechukua ukuta mzima. Kwa hiyo akatafuta kasoro kwa bidii zaidi.

Mama mkwe wake hakugusa bomba wala ukuta. Alipita sebuleni, akapita jikoni, akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani. Hicho ndicho kilichomleta. Mwanawe alikuwa amemwambia: mama, tukiiuza nyumba yako tutanunua kubwa, na humo utakuwa na chumba chako chenye mlango wake, hutamgongea mtu wala hutagongewa. Mama akakubali. Nyumba yake ilishachukuliwa na watu wengine, na watu hao walikuwa wameshatundika mapazia yao. Alikuwa amekuja kuuona mlango wake.

Alikuwa mwanamke mrefu, mstaafu wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kuita majina ya wagonjwa ukumbini. Hospitali ilikuwa na kipaza sauti, lakini kiliharibika siku chache baada ya yeye kuajiriwa, na hakuna aliyeona haja ya kukitengeneza. Mtaani walimwita Kipaza, naye aliitika.

Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Juu ya kitanda alikaa mzee amevaa kofia ya kufuma, anarekebisha mkono wa miwani kwa uzi.

Kipaza alimsalimu. Mzee aliitikia, akamuuliza kama ndiye mnunuzi. Kipaza alisema mnunuzi ni mwanawe, yeye ni mwenye chumba.

"Kina ukuta mzuri," alisema mzee. "Nilikijenga mwenyewe. Lakini usije ukalala humu."

Wakati huo mwanawe alitokea mlangoni. Alisimama kwenye kizingiti, karibu kiasi kwamba Kipaza angeweza kumfunga kifungo cha shati, akaita, "Mama!"

"Nipo hapa. Unapiga kelele za nini, mimi kiziwi?"

Mwanawe alitazama kitanda, akatazama kiti, akaita tena. Kisha akageuka, akaenda kumtafuta barabarani. Msusi naye alikuja, akachungulia, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba bibi huyu sasa ameanza kupotea hata ndani ya nyumba ya watu, na bado hawajahamia. Kipaza alimjibu maneno mazito. Msusi aliliangalia dirisha, akasema litahitaji nondo, akaondoka.

"Hakusikii," alisema mzee.

"Huyo hata akisikia hasikii," alisema Kipaza, akatoka.

Alipovuka kizingiti wote walimwona. Mwanawe alirudi mbio kutoka getini, jasho limemtoka, akamuuliza alikuwa wapi. Muuzaji hakukimbia. Alizungusha funguo kidoleni.

"Ah, kile hakina kibali," alisema, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba kitasa cha mlango huu lazima kizungushwe mara mbili. "Aliye ndani haonekani na aliye nje, wala hasikiki. Ukiingia utamwona. Mengine yote yako sawa. Bati ni jipya."

"Na yule mzee?" aliuliza Kipaza.

"Huyo ni baba."

Mwalimu wa udereva alitazama mlango wa chumba. Ilikuwa hatua moja tu kuingia. Alisema wameshachelewa, ana mwanafunzi anamsubiri.

"Anauzwa pamoja na nyumba?" aliuliza Msusi.

"Kwenye hati nyumba ina vyumba vitatu na haina mtu," alijibu muuzaji.

"Baba yako mzazi," alisema Kipaza, "na unamwita huyo."

"Mama, umekuja kununua nyumba au kunilea?"

"Ungelelewa tusingekuwa na mazungumzo haya."

Muuzaji alicheka kidogo, kwa heshima, akamfungulia geti.

Kipaza alisema hakuna atakayetia saini popote mpaka wakaangalie kumbukumbu za kibali cha nyumba ile. Msusi alisema hayo yatawachelewesha na kuna wateja wengine wanaoitaka. Mwalimu wa udereva alisema wote wawili wana hoja, jambo ambalo alikuwa akilisema kila siku tangu alipooa, na kesho yake wakaenda watatu.

Ofisi ya mipango miji ilikuwa na kaunta ndefu, benchi, na makabati ya chuma yenye droo pana na fupi kwenda chini, za kulazia ramani. Karani alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kikohozi cha vumbi. Alivuta droo, akatoa ramani, akaitandaza na kuizuia pembe kwa kikombe, gundi, mashine ya kutobolea karatasi na mkono wake mwenyewe.

"Sebule. Jiko. Vyumba vya kulala, viwili na kimoja. Choo. Stoo ya ndani." Kidole chake kilitoka kwa mlango wa nyuma, kikasimama uani. "Hapa pana nguzo ya kamba ya kuanikia nguo."

"Hapo pana chumba," alisema Kipaza. Watu wote kwenye benchi waligeuka.

"Kwako pana chumba. Kwetu pana kamba."

Karani hakusema kwa ubaya. Alieleza kwamba vyumba vya namna hiyo viko vingi mjini, watu hujenga kwanza wakitegemea kuomba kibali baadaye, na baadaye haifiki. Kuweka vitu humo si tatizo. Weka baiskeli, weka magunia, havidhuriki. Kulala ndiko kubaya. Mtu akilala humo kwa muda hutoka na kutoonekana huko hadi nje, kama unyevu unavyoshika nguo. Mwanzoni wenzake wanamsahau kidogo. Kisha wanaacha kumwona hata akiwa amekaa nao mezani.

"Yule mzee aliyekijenga alikuja hapa kuomba kihalalishwe," alisema karani. "Mara ya kwanza tulimwona vizuri. Mara ya pili tuliona kofia. Mara ya tatu kiti hicho kilivutwa, tukajua ni yeye. Lakini hatuwezi kuhudumia kiti. Na hati ilishahamia kwa mwanawe."

Kuhalalisha kunawezekana, aliendelea. Mwenye nyumba anawasilisha maombi, tangazo linabandikwa getini, kisha mkaguzi anakuja. Kama kuna mtu anayelala humo, chumba kinaingizwa kwenye ramani na mambo yanakwisha. Aliyefifia hurudi taratibu, kuanzia sauti. Kama hakuna anayelala, kinahesabiwa kuwa banda, na banda halihitaji chochote.

"Basi ni rahisi," alisema Kipaza. "Mkaguzi ataingia, atamwona mtu."

"Mkaguzi haingii chumba kisicho kwenye ramani. Akiingia atakuwa amekitambua."

"Sasa atajuaje kama kuna mtu?"

"Anamuuliza mwenye nyumba."

"Na aliyemo haulizwi?"

"Aliyemo haonekani, mama. Tutamuulizaje?"

Mwanamume mmoja kwenye benchi alisema foleni ni ndefu. Kipaza alimgeukia, akamwambia kwamba aliwahi kuita jina lake ukumbini na anakumbuka alielekezwa chumba gani, kwa hiyo akae kimya. Mwanamume alisogea hadi mwisho wa benchi. Kisha Kipaza akamgeukia mwanawe, akamuuliza hati itaandikwa jina la nani.

Mwalimu wa udereva alitazama feni. Alisema nyumba ni yao wote.

"Hati ina mistari miwili," alisema Msusi. "Mume na mke."

Kipaza aliikunja ramani mwenyewe, vibaya, na karani akaikunjua na kuikunja upya. Njiani mwanawe alimwapia mama yake, kwa roho yake na kwa kaburi la baba yake, kwamba jambo la kwanza atakalofanya akishakuwa mwenye nyumba ni kuwasilisha maombi. Alimaanisha alichosema. Alikuwa mtu wa kumaanisha.

Siku ya kuhamia, muuzaji alikabidhi funguo zote, akaonyesha ulipo mfuniko wa shimo la maji taka, akapakia jiko lake la gesi kwenye gari. Kipaza alimfuata hadi dirishani.

"Na baba yako?"

"Ameshazoea," alisema muuzaji, akawasha gari. Mzee alikuwa amesimama getini na kofia mkononi. Gari lilipita karibu naye kiasi cha kupeperusha shati lake, na mwanawe akatoa kichwa nje ya dirisha kuangalia asikwaruze nguzo.

Kipaza alilala sebuleni, kwenye kochi. Hakuna aliyethubutu kumwambia aende uani, na hapakuwa na kwingine: chumba kimoja kilikuwa cha wenye nyumba, cha pili kilijaa mafuta na nywele za bandia za Msusi, na cha tatu Msusi alikifanya pa kuoshea vichwa vya wateja. Asubuhi wateja walifika mapema na kumkuta Kipaza ndani ya blanketi. Aliwakaribisha. Wengi aliwafahamu, maana aliwahi kuwaita majina ukumbini, na kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa nzuri na sauti yake haikujua kunong'ona, aliwauliza hali ya matumbo yao, vidonda vyao, na yale mengine waliyokwenda kutibiwa bila kuwaambia waume zao.

Wateja wakaanza kupungua.

"Mama, hawa hawaji kwa daktari," alisema Msusi.

"Wangekwenda kwa daktari wasingekatika nywele hivi."

"Hii ndiyo kazi inayokulisha."

"Na hayo matofali unayokalia ndiyo nyumba yangu. Nani anamlisha nani?"

Msusi alisema yeye hakuolewa na hospitali. Kipaza alisema hakuna hospitali ambayo ingemuoa. Mwalimu wa udereva, aliyekuwa akinywa chai, alisema wote wana hoja, na wote wawili wakamfukuza mezani.

Lakini maombi aliyawasilisha. Tangazo lilikuja, likabandikwa getini ndani ya karatasi ya nailoni ili mvua isilichukue. Mwanawe akamwomba mama yake ahamie uani kwa siku chache tu, mkaguzi anakuja wiki hii, ikizidi sana wiki ijayo, na akimkuta anaishi humo ndiyo vizuri zaidi, hakuna atakayesema ni banda. Kipaza alikwenda getini akalisoma tangazo lote, hadi jina la mchapaji chini kabisa. Muhuri ulikuwa wa kweli. Akabeba godoro lake.

"Nilikuambia usilale humu," alisema mzee.

"Na wewe mwenyewe ulijiambia nini?"

Walitundika shuka katikati kwa heshima. Mzee akachukua upande wa mlango, Kipaza upande wa dirisha, na siku ya kwanza hiyo hiyo wakagombana kuhusu dirisha, yeye anataka hewa, mzee anaogopa kikohozi. Mzee alikuwa na tabia ya kuongea nyuma ya shuka pasipo kuulizwa. Alisema hata kwake tangazo lilibandikwa. Kipaza alisema lake liko ndani ya nailoni.

Mkaguzi hakuja wiki hiyo, wala ijayo. Alikuwa na nyumba nyingi.

Wa kwanza kumpoteza alikuwa mwanawe. Alikuwa na kawaida ya kumuaga mama yake kila asubuhi, mama nimeondoka, naye akikaa uani kwenye kiti chake. Asubuhi moja alikiaga kiti cha pembeni. Baada ya hapo aliuaga ukuta. Baada ya hapo alitoka moja kwa moja hadi kwenye gari huku akipapasa mifuko, kama mtu anayehisi amesahau kitu na kuridhika kwamba ni simu. Mezani sahani ya mama yake iliendelea kuwekwa, kisha ikawekwa ikiwa imefunikwa, kisha ikabaki kabatini. Mjomba wake alipopiga simu kuuliza hali ya dada yake, Kipaza alikuwa amekaa na mwanawe kochi moja, na alimsikia akisema mama yuko vizuri kabisa, anapumzika. Alimpiga kofi la shingoni. Mwanawe alijikuna, akaendelea kuongea.

Alimpenda mama yake. Lakini mapenzi yake yalikuwa ya kuamini kwamba yupo, na mtu anayeamini hana haja ya kugeuza shingo.

Aliyeendelea kumwona ni Msusi.

"Mama, hiyo ndoo ni yangu," alisema asubuhi moja, wakati Kipaza alikwishaacha kutegemea kusemeshwa na yeyote.

Kipaza alisimama na ndoo mkononi. "Ina jina lako?"

"Ina rangi yangu. Yako ni ile iliyovunjika mkono, kama mwenyewe."

Waligombana kuhusu ndoo ile hadi maji ya chai yakakauka jikoni. Na walipofika kwenye maneno makali kabisa, mwalimu wa udereva alitoa kichwa dirishani, akauliza, "Kuna nani hapo?" Kipaza aliona macho ya mwanawe yakimpapasa, yakifika begani kwake, yakikaa pale kidogo, yakiteleza.

Ndipo akaelewa kazi yake mpya. Akaifanya kwa bidii ile ile aliyoifanya hospitalini. Alificha vitana. Alianua taulo za Msusi ukutani zikiwa mbichi na kuzianika zikiwa kavu. Alitia chumvi kwenye chai, akasimama karibu kushuhudia. Alisema mbele ya wateja, ambao hawakumsikia, mambo ambayo Msusi aliyasikia vizuri sana, na Msusi akamjibu mbele ya wateja hao, mpaka wengine wakaanza kuulizana kama fundi wao ana afya. Kila ugomvi ulipokwisha Kipaza alijitazama mikono, akaiona ina rangi zaidi. Mzee alimwambia kwamba hata yeye, akiwa nyuma ya shuka, husikia sauti yake imenenepa.

Msusi hakukosa kujibu hata mara moja. Hakujaliwa uwezo wa kuliacha neno likae bila mwenzake. Waligombana kama watu wanaopasua kuni pamoja: kwa mpigo, bila kupumzika, kila mmoja akiwa na haja yake ya moto.

Na pengine ingeendelea hivyo mpaka mkaguzi afike. Lakini Kipaza alikuwa na majivuno. Asubuhi moja Msusi alikuwa amechoka, ana mteja nusu kichwa, na alisema kwa sauti ya chini kwamba angetoa chochote, chochote kabisa, amwone mama huyu mara ya mwisho.

"Hunipati," alisema Kipaza. "Mwanangu mwenyewe hanioni, jirani hanioni, muuza mkaa ananikanyaga. Wewe tu. Unajua kwa nini? Kwa sababu unanijibu. Siku zote unanijibu. Wewe ndiye umenishikilia hapa duniani, mpumbavu wewe, na huwezi kuacha."

Alicheka kwa sauti yake yote, ile ya ukumbini.

Msusi alibaki na kitana hewani. Mteja alimuuliza kama kuna tatizo. Msusi alisema hakuna, akagawa nywele mstari ulionyooka, akaendelea kusuka.

Siku iliyofuata Kipaza aliichukua ndoo ya Msusi. Msusi alipita. Aliimwaga chai yote. Msusi alichemsha nyingine. Kipaza alimwambia kuhusu mama yake mzazi neno ambalo hakuna mkwe duniani aliyewahi kulipokea akanyamaza. Mdomo wa Msusi ulifunguka. Ukafungwa. Alikwenda bombani, akanywa maji glasi nzima, akaosha glasi.

Mkaguzi alikuja mchana, mtu mnadhifu mwenye futi ya chuma mfukoni. Alipima sebule, jiko, vyumba, choo. Aliifananisha ramani na nyumba, nyumba na ramani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akatoka uani pamoja na wenye nyumba, akasimama mbele ya chumba, ncha za viatu vyake zikiishia pale kizingiti kinapoanzia. Alishazoea; hakuhitaji kutazama chini.

Kipaza alikuwa uani, amevaa gauni lake la kazini lenye kola nyeupe. Mzee alitoka pia, akasimama kando yake na kofia mkononi.

"Kuna anayelala humo?" aliuliza mkaguzi.

Alimtazama kwanza mume. Mwalimu wa udereva alifungua mdomo. "Kuna..." alisema, akasita. "Kulikuwa na..." Aligeuka huku na huku kama mtu aliyeingia chumbani kuchukua kitu na kukisahau mlangoni. Alikuna kichwa. Macho yake yalilowa, na hakujua kwa nini, akayafuta kwa kiganja, akasema labda ni vumbi.

Hapo Kipaza aliita. Alimwita mkaguzi kwa cheo chake. Alimwita mwanawe kwa jina alilompa siku alipomzaa, lile refu, pamoja na la babu. Alimwita mkwewe. Aliita kama alivyokuwa akiwaita waliosubiri tangu alfajiri na kusinzia kwenye mabenchi, sauti iliyokuwa ikivuka ukumbi, wodi, jiko la hospitali na kuwafikia waliotoka nje kununua maji. Njiwa waliokuwa juu ya bati waliruka wote kwa pamoja. Mkaguzi aliwatazama, kisha akamgeukia mke.

"Mama mwenye nyumba. Kuna anayelala humo?"

Msusi alimtazama Kipaza. Hakumtazama kwa kuvizia. Alianzia kwenye kilemba, akashuka kwenye macho, akakaa hapo, kisha kwenye kola nyeupe, mikono, hadi kandambili, na akarudi tena kwenye macho.

"Hakuna," alisema. "Ni stoo."

Mkaguzi aliandika. Alisema nyumba inalingana na ramani, kwa hiyo maombi hayana kazi tena na yatafungwa. Kasoro ni moja tu: ramani inaonyesha kamba ya kuanikia nguo na yeye haoni kamba. Msusi alisema wataiweka leo leo. Mkaguzi alishukuru kwa ushirikiano, akabandua tangazo getini alipokuwa akitoka, akalikunja na nailoni yake.

Mwalimu wa udereva ndiye aliyefunga kamba. Aliipitisha mbele ya mlango wa chumba, kwenye urefu wa shingo, na tangu hapo wanaotoka na kuingia humo huinama.

"Mwanangu aliposimama pale aliulizwa hivyo hivyo," alisema mzee nyuma ya shuka. "Alisema, sidhani. Wako kasema wazi."

"Huyo si wangu. Ni mkwe."

"Wako je?"

"Alikuna kichwa."

Mzee alilifikiria hilo. Kisha akasema, kama anataka, anaweza kufungua dirisha.

Maisha yaliendelea. Saluni ilijaa, wateja waliowahi kukimbia walirudi na ndugu zao. Mwalimu wa udereva alinenepa. Wakati mwingine, akiwa amekaa sebuleni na televisheni imezimwa, alimwambia mke wake kwamba nyumba hii ina utulivu usio wa kawaida, na mke wake alimwambia anywe chai.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Msusi hufagia uani. Huanzia getini, hufuata ukuta, hupita chini ya kamba. Kipaza huwa amekaa kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha katikati ya njia, na humwambia Msusi kila linalomjia mdomoni. Msusi hajibu. Akifika kwenye miguu hupunguza mwendo, huugeuza ufagio ubavu, na kufagia kuizunguka, kwanza mmoja, kisha wa pili, kwa uangalifu, asiuguse hata ukucha.